Kumi na Wanne Waliohama

Kwa mujibu wa kompyuta ya Wangui, watoto kumi na wanne wa kijiji cha Myanga walikuwa wamehama kabla ya kutimiza siku ishirini na nane tangu kuzaliwa. Mama zao hawakuwa wamehama. Walikuwa papo hapo, kwenye mistari ya chini, wakijibu maswali ya wiki ya sita: wanateka maji wapi, wanapikia kuni au makaa, wana chandarua au hawana.

Aliirudia mistari hiyo asubuhi nzima. Mtoto wa siku tisa anahamaje bila mama yake?

Ofisi ya mradi ilikuwa katika ghorofa ya pili mjini Bungoma, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kwa miaka mitatu mradi ulikuwa ukiwatuma wahudumu wa afya kuwatembelea akina mama waliojifungua, ili ijulikane kama kutembelewa kunapunguza vifo vya watoto wachanga. Myanga ilitembelewa. Vijiji kadhaa vya Kabuchai na Tongaren havikutembelewa, vikawa vya kulinganishia. Siku ya ishirini na nane kila mtoto alipewa namba. Moja: yuko hai. Mbili: amefariki. Tatu: amehama, hajulikani aliko. Katika vijiji vilivyotembelewa namba mbili zilikuwa chache mno, na Daktari Gathogo, mkuu wa mradi, alikuwa ameshawaandikia wafadhili kuwapasha habari njema.

Wangui alimpigia simu Nakhungu, mhudumu wa Myanga. Walikuwa wamezoeana, mara nyingi Nakhungu alileta fomu ofisini na ndizi mbili tatu ndani ya mfuko huohuo.

"Mama, hawa watoto wako wa namba tatu walihamia wapi?"

"Namba tatu gani, mwanangu? Mimi sina wa namba tatu."

"Ninao hapa kumi na wanne."

Nakhungu alikuwa Mbukusu wa pale pale Myanga, na akishikwa na haraka l na r zilibadilishana ulimini mwake.

"Hao niriandika mbili," alisema. "Wote, mbili. Kitabu niko nacho. Kuja uone."

Alhamisi Wangui alikwenda. Nakhungu alimfungulia daftari la shule lenye jalada la bluu, ambamo alinakili kila fomu kabla ya kuipeleka ofisini, kwa sababu hapo zamani aliwahi kuambiwa fomu zake zimepotea. Jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, na pembeni namba mbili, imekandamizwa kwa kalamu hadi ikatokeza upande wa pili wa karatasi. Zilikuwa kumi na nne.

"Twende kwa mmoja," Wangui alisema.

"Unataka kuhakikisha?"

"Nataka kuona tu."

Walimkuta Agneta ameketi kwenye gunia mbele ya nyumba, akipukuchua mahindi. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, kichwa amekifunga leso. Hakusimama.

"Huyu madam ametoka ofisini," Nakhungu alisema. "Anauliza juu ya mtoto."

"Si mliandika?"

"Tuliandika," Wangui alisema. "Lakini kwenye kompyuta inaonekana amehama."

Agneta aliendelea kupukuchua. Punje zilianguka ndani ya karai mojamoja, kisha kwa wingi.

"Amehama," alisema.

"Ndiyo."

"Na alikuwa hata hajui kukaa."

Agneta aliweka gunzi chini, akajipangusa mikono, akawapeleka nyuma ya jikoni. Palikuwa na kilima kidogo cha udongo, mawe matatu juu yake, majani yameanza kukivamia pande zote.

"Hapa ndiyo alihamia," alisema. "Andika. Anaitwa Rosaline. Ni jina la nyanya yangu."

Fomu haikuwa na mahali pa jina la mtoto. Wangui aliliandika mkononi mwake, kwa kalamu ya wino, kwa vile hakuwa amebeba karatasi na aliona haya kusimama hapo bila kuandika kitu.

*

Daktari Gathogo hakukasirika Wangui alipomweleza aliyoyaona. Alifunga mlango wa ofisi yake wa kioo, akamwonyesha kiti, akaanza kuzungumza naye Kikikuyu, kama ilivyokuwa desturi yake walipokuwa wawili. Alipenda kusema kwamba yeye ni kama baba mdogo wa Wangui.

"Nani amesema nimebadilisha? Nilisafisha data. Kusafisha ni kazi ya kila siku, wewe mwenyewe unajua."

"Wamekufa, daktari. Nimeona kaburi."

"Umeona kaburi moja."

"Na kitabu cha Nakhungu."

"Kitabu cha Nakhungu si data." Alitabasamu kwa huruma. "Sikiliza. Hao watoto wengine walifia hospitalini, wengine barabarani, wengine kwa mambo ambayo mhudumu hangeweza kuyazuia hata angelala hapo. Ukiwaingiza, itaonekana mradi haukusaidia. Mradi ukionekana haukusaidia, unafungwa Desemba. Wahudumu sitini wanakwenda nyumbani. Akina mama wa mwaka ujao hawatatembelewa na mtu. Sasa niambie, nani amewapenda hao watoto, mimi au wewe?"

Sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipomuuma Wangui.

Daktari alifungua droo, akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya kurasa tatu, imepigwa chapa vizuri, bado haijatiwa sahihi. Mradi ulikuwa na ufadhili wa mtu mmoja kwenda kusomea uzamili wa takwimu za afya Nairobi, karo na malazi juu ya mradi. Walioomba walikuwa wawili, Wangui na mwenzake wa ofisini, Chepkemei, ambaye meza yake ilionekana kupitia kioo.

"Ripoti ya mwisho inahitaji sahihi ya aliyehakiki data," alisema daktari. "Ni wewe. Na hii inahitaji yangu. Enda nyumbani, fikiria. Jumatatu tuonane."

Barua hiyo ilikuwa imemchukua Wangui miaka minane. Alipokuwa shuleni hesabu zilikuwa tamu kwake kwa sababu moja: majibu yalikuwa nyuma ya kitabu. Ulihangaika na logarithimu, ukafunua ukurasa wa mwisho, ukajua kama umepata au umekosa, na hakuna mtu wa kubishana nawe. Kidato cha nne mwalimu aliwaambia mlango wa takwimu kitabuni ni alama za bure, wachore tu grafu ya uzito wa viazi wapite. Yeye aliupenda mlango huo kuliko yote. Akasomea ualimu wa hesabu na fizikia, na hapo ndipo alipoambiwa kuna watu wanaohesabu magonjwa, wanaojua dawa ipi inaponya na ipi inadanganya, na kwamba kazi yao inasomewa.

Alipoomba mara ya kwanza chuo kilimjibu kwamba kalkulasi aliyosoma ni ya walimu, haitoshi. Akaenda kuisoma tena Jumamosi kwa Jumamosi, mwaka mzima, ameketi na vijana waliomwita mathe kama mama yao, huku siku za katikati ya wiki akifundisha kidato cha pili katika shule ya kibinafsi Kitale. Alipoomba mara ya pili wakamwambia nadharia ya uwezekano na aljebra ya matriki hana. Akazisoma. Mara ya tatu walisema hesabu zake sasa ni nzuri, ila wanataka mtu aliyekwisha kushika data za watu halisi, na barua ya msimamizi wake. Ndivyo alivyofika Bungoma.

*

Baba yake, Gicheru, alikuwa mtunza stoo katika duka la pembejeo la Gurdip mjini Kitale, na alikuwa amewaambia watu wote. Aliwaambia kanisani. Aliwaambia wanunuzi wa mbolea waliokuwa kwenye foleni. Zaidi ya yote alimwambia Gurdip, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimuuliza kila Januari, bila ubaya wowote, "Gicheru, yule msichana yako ya hesabu, bado anatafuta kazi?" Mwanawe Gurdip alikuwa mhandisi ng'ambo. Gicheru alikuwa amemeza swali hilo mara nyingi, na kila mara lilishuka vibaya.

Wangui alipofika Jumamosi alikuta mama yake, Wacera, amechinja kuku.

"Daktari wetu amekuja," Gicheru alisema.

"Baba, si udaktari."

"Si unahesabu wagonjwa? Basi ni udaktari wa hesabu. Keti, mama."

Alimwita mama kwa kuwa alikuwa amepewa jina la mama yake mzazi. Wangui aliketi, akala, na chakula kilipokwisha akawaeleza yote. Hakuyapamba. Gicheru alimsikiliza akichokonoa meno kwa njiti.

"Hao watoto, nani aliwaua?" aliuliza.

"Hakuna. Waliugua."

"Wewe ulimuua nani?"

"Hakuna."

"Ukiandika mbili, watafufuka?"

"Hapana, baba."

"Na ukiacha hiyo tatu yao?"

"Hawatafufuka, lakini..."

"Basi jibu ni lile lile." Aliweka njiti kwenye sahani. "Mimi sijasoma. Lakini najua huyo msichana mwingine, Chepkemei, akipewa hiyo kalamu hatakuja hapa kuuliza mtu. Atatia sahihi na ataenda. Na mimi Januari nitaulizwa bado unatafuta kazi."

"Kwa hivyo ni kwa sababu ya Gurdip?"

"Ni kwa sababu yangu," Gicheru alisema, na sauti yake ikapungua. "Nimebeba magunia ya watu tangu uko chekechea. Sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba hiki."

Akatoka nje kuangalia ng'ombe, ingawa ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Wangui alimfuata mama yake jikoni akitumaini. Wacera alikuwa mwanamke wa maneno machache, mshika dini, aliyewahi kurudisha chenji iliyozidi akitembea kwa miguu hadi sokoni. Alikuwa akisugua sufuria kwa majivu.

"Wewe unasemaje, mama?"

Wacera hakuinua macho. "Kati yako na kaka yako Gathii kulikuwa na mwingine."

Wangui hakuwahi kusikia habari hiyo.

"Msichana. Siku tatu. Baba yako alimzika pale kwenye ua, halafu tukahama kutoka shamba hilo na mwenye shamba akapalima. Hakuna mtu aliyekuja na fomu. Hakuandikwa moja, hakuandikwa mbili, hata hiyo tatu hakuandikwa." Alisuuza sufuria, akaigeuza kifudifudi. "Na nimeishi. Tia sahihi, uende."

*

Jumatatu Wangui alikuta ripoti imeshafunguliwa kwenye kompyuta ya Daktari Gathogo. Kulikuwa na jambo moja dogo zaidi, daktari alisema. Wafadhili si wajinga. Wataona kijiji kimoja kina waliohama wengi kuliko vingine, watauliza kwa nini. Inafaa kuwe na aya ya maelezo.

"Aya ya kusema nini?"

"Kwamba mhudumu wa Myanga hakufuatilia vizuri. Hakurudi kwenye nyumba kwa wakati, akapoteza watoto. Mambo ya kawaida."

"Lakini alifuatilia. Yeye ndiye peke yake aliyefuatilia."

"Najua."

"Hatukuzungumza juu ya hilo, daktari."

"Hatukuzungumza kwa sababu nilidhani umekomaa." Kwa mara ya kwanza alimsemesha Kiswahili, Kiswahili cha ofisini. "Yule ni wa kujitolea, bibi. Hapati mshahara, atapoteza nini? Ama nimwite Chepkemei aandike? Ako hapo tu."

Chepkemei alikuwa hapo kweli, nyuma ya kioo, ameinama juu ya kazi yake na kalamu nyuma ya sikio. Hakujua lolote, wala hakuinua kichwa.

Wangui aliandika aya hiyo yeye mwenyewe, kwa Kiingereza safi kisicho na doa. Daktari alipoisoma alibadilisha neno moja, na Wangui, kwa mazoea ya ualimu, alimsahihisha. Neno lake lilikuwa baya kisarufi. Kisha akatia sahihi chini ya maneno yaliyosema data imehakikiwa. Daktari alivuta ile barua ya kurasa tatu, akatia yake, akapuliza wino.

"Hongera," alisema, akirudi kwenye Kikikuyu.

Wiki mbili baadaye Nakhungu alipanda ngazi za ofisi akiwa na mkoba wa mradi, mizani ya kupimia watoto na buti za mpira alizopewa kwa ajili ya msimu wa mvua. Buti alikuwa ameziosha. Aliviweka vitu hivyo juu ya meza ya Wangui, kimoja kimoja.

"Nimeambiwa nirudishe," alisema. "Hesabu, madam, uone kama viko vyote."

"Mama Nakhungu, mimi..."

"Hesabu tu."

Wangui akahesabu. Vilikuwa vyote. Nakhungu alitia sahihi kwenye kitabu cha stoo, akashuka ngazi polepole, mkono ukutani.

*

Ibada ya shukrani ilifanywa nyumbani Kitale Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Gicheru alikodi viti na turubai. Mchungaji alikuja, majirani walikuja, walimu wawili wa ile shule ya kibinafsi walikuja na keki. Saa saba mchana gari la Gurdip liliingia langoni, naye akashuka na blanketi lililofungwa kwa utepe. Upande wa pili akashuka mwanamke aliyevaa suti ya kanisani na viatu vilivyojaa vumbi.

"Huyu mama alikuja dukani anauliza kwa Gicheru," Gurdip alisema. "Ametoka Bungoma. Nikasema, si mimi naenda huko huko."

Alikuwa Nakhungu. Wangui, aliyekuwa amebeba sinia la soda, alimwona, akaliweka chini kabla halijamponyoka.

Gicheru, aliyekuwa na furaha ya kutosha nchi nzima, hakuuliza zaidi. Mgeni kutoka Bungoma, aliyetoka mbali hivyo, hawezi kuwa ila rafiki wa binti yake. Alimshika mkono, akamkalisha mbele, karibu na mchungaji. Na ilipofika zamu ya wageni kusema neno, alimtaja wa kwanza.

"Mama, tuambie. Huko Bungoma msichana wetu mlimwonaje?"

Nakhungu alikataa kwa mkono. Watu wakamhimiza. Akasimama, akanyoosha sketi yake.

"Mimi ni Nakhungu, natoka Myanga," alisema. "Nirikuwa natembelea watoto wachanga, tukifanya kazi na huyu msichana wenu. Sina maneno mengi. Nataka tu kusema anajua hesabu. Kule kwetu kulikuwa na watoto kumi na wanne, na yeye ndiye aliwahesabu wote. Hakuacha hata mmoja. Asanteni."

Watu walipiga makofi. Mchungaji alisema amina. Gicheru alimgeukia Gurdip, macho yamelowa. "Umesikia? Hata Bungoma wanamjua."

Wacera peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akimtazama yule mgeni.

Wangui alimkuta Nakhungu nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Sahani aliyopewa ilikuwa juu ya ukuta, haijaguswa.

"Sikujua kuna sherehe," Nakhungu alisema. "Ningejua singekuja leo. Nirikuja kwa barua."

"Barua gani?"

"Kaunti inachukua wahudumu. Hawa ni wa kulipwa, na malipo si kidogo sana. Nilienda na majina yangu, wakaniambia kuna ripoti, ati mimi hupoteza watoto. Wakasema nilete barua ya mtu wa mradi, iseme ukweli. Daktari amekataa kuniona. Nimebaki na wewe."

"Nitakuandikia. Jumatatu."

"Jumatatu unaenda Nairobi, baba yako ametangaza. Andika sasa. Nitangoja."

Wangui aliingia chumbani, akapata karatasi. Nje waliimba wimbo mzima, wakaanza wa pili. Aliporudi Nakhungu aliisoma barua akiishikilia mbali na macho, midomo ikitembea.

"Umesema mimi ni mwaminifu."

"Ndiyo."

"Na mchapa kazi. Na nashirikiana na watu."

"Ndiyo, mama."

"Hapa sioni mahali umesema niliandika mbili."

Wangui alitazama lile tangi. Sentensi hiyo moja ingeifanya sahihi yake Bungoma kuwa uongo, na barua ya kurasa tatu, na kiti kinachomngoja Nairobi. Alikuwa ameiandika chumbani mara mbili na kuikata mara mbili, kisha akainakili barua upya kwenye karatasi safi.

"Hiyo siwezi," alisema.

Nakhungu alitikisa kichwa kidogo, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa dawa imekwisha zahanatini. Aliikunja karatasi, akaiweka kando ya sahani ya wali, akachukua kipochi chake.

"Ubaki salama, madam," alisema, akazunguka nyumba kwa upande usio na watu.

Wacera alikuja kuchukua sahani. Aliikuta karatasi, akaisoma, akaitia ndani ya mfuko wa aproni.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye."

Wacera alitazama kule kwenye lango, ambako Nakhungu alikuwa akisubiri watoto wa jirani wampishe.

"Njoo ukate keki," alisema. "Watu wanangoja."

Wangui alikwenda akakata keki. Kipande cha kwanza alimlisha baba yake kwa mkono, kama desturi, naye Gicheru alikila amefumba macho, huku Gurdip akiwapiga picha kwa simu.

Huko Nairobi alifanya vizuri. Katika jaribio la kwanza aliongoza darasa zima, hata madaktari waliokuwa humo, na mwalimu akamwomba asimame ajulikane. Orodha ya wahudumu walioajiriwa na kaunti ya Bungoma ilitoka mwezi wa kumi. Wangui aliifungua kwenye simu akiwa darasani, akaanzia juu hadi chini, kisha akaanza tena kutoka chini kwenda juu. Nakhungu hakuwamo. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuandika ubaoni, na wenzake wote walikuwa wananakili, kwa hiyo alizima simu, akafungua daftari, naye akaanza kunakili.